Ziwa limejaa wavuvi na samaki wanazidi kuwa wadogo: tufanye nini?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Tunavua kwa ndoano kwenye ziwa dogo lililo karibu na mji. Zamani ukifika asubuhi ulikuta watu wachache, kila mmoja na upande wake. Siku hizi mwisho wa wiki ukichelewa hupati hata pa kusimama. Samaki bado tunapata, ndoo hairudi tupu, ila ni wadogo, na wale wakubwa hatuwaoni tena. Wenzangu wamegawanyika. Wako wanaosema samaki wamekuwa wajanja, wako wanaotaka tuchange tununue vifaranga, na wako wanaosema ziwa lifungwe kabisa. Nani yuko sahihi, na sisi wavuvi wa kawaida tufanye nini?"

Ndugu yangu, hiyo ndoo isiyorudi tupu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoyaeleza. Maziwa mengi madogo yameharibika huku wavuvi wake wakiwa na uhakika kwamba mambo si mabaya, kwa sababu kila siku walirudi na kitu.

Samaki hawatawanyiki sawasawa ziwani. Wanakusanyika kwenye gogo lililozama, penye mwamba, ukingoni mwa matete, pale kijito kinapoingiza maji. Wanapopungua, waliobaki wanahamia kwenye sehemu hizo nzuri zilizoachwa wazi, na ninyi wavuvi mnazijua sehemu hizo kwa majina. Ziwa linaweza kupoteza nusu ya samaki wake huku pale kwenye gogo mnaendelea kuvuta kama kawaida. Kinachopungua kwanza ni samaki wa sehemu za kawaida, zile ambazo hakuna anayejisumbua kutupa ndoano. Siku mambo yanapogeuka pale kwenye gogo, yanageuka ghafla, na watu husema samaki "wamehama".

Jambo hili limewapata hata wenye vyombo vikubwa na wataalamu wa kila aina. Mashariki mwa Canada, meli ziliendelea kupata chewa wa kaskazini, samaki wa baharini anayeitwa "cod" kwa Kiingereza, kwa wingi kwa sababu ziliwafuata pale walipojikusanya, hadi serikali ilipolazimika kusimamisha uvuvi huo Julai 1992 na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza kazi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2002, watafiti wa nchi hiyohiyo wakaonya kwamba maziwa yao ya uvuvi wa ndoano, ule wa kujiburudisha, nayo yalikuwa yakiporomoka kimyakimya. Ziwa moja likichoka watu wanahamia jingine, kwa hiyo hakuna anayepiga kelele.

Sasa nije kwa wanaosema samaki wamekuwa wajanja. Hawajakosea kabisa. Miaka ya 1960 mtafiti Beukema wa Uholanzi aliwavua samaki aina ya kapu kwa ndoano kwenye mabwawa ya majaribio na kuwarudisha majini, akakuta kwamba samaki aliyewahi kunaswa mara moja tu aliikwepa ndoano kwa muda mrefu sana, hata mwaka mzima baadaye. Katika Ziwa Ridge la jimbo la Illinois, Marekani, majaribio yaliyochukua zaidi ya miaka 20 kwa samaki aina ya besi yalionyesha jambo zito zaidi: urahisi wa kunaswa unarithiwa. Ukiwaondoa kila mara wale wepesi kushika chambo, kizazi kinachobaki ni cha wagumu kushika.

Lakini ujanja hauelezi unachokiona wewe. Kama wakubwa wangekuwepo ila wamejificha, mngewaona kwa njia nyingine: wakirukaruka jioni, wakielea wamekufa baada ya maji kuharibika, au kwenye nyavu za mtu aliyeingia usiku. Waulize wenye nyavu, hata kama hawapaswi kuwa nazo. Nao wakisema wakubwa hawapo, basi hawapo.

Hapa niende taratibu kidogo, maana ndipo watu wanapokosea dawa. Samaki wadogo ziwani wanaweza kuwa na sababu mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni kwamba wanavuliwa kabla hawajakua. Ndoano nyingi, mikono mingi, na kila mmoja anabeba anachopata. Samaki hapewi nafasi ya kufika mwaka wa tatu au wa nne. Ya pili ni kwamba wamedumaa. Perege na sato wanajulikana sana kwa hili: wakijazana mahali ambapo chakula ni kidogo, wanaacha kukua na kuanza kuzaa wakiwa na urefu wa kiganja, na vifaranga wao wanazidisha msongamano. Sato ambaye kwenye ziwa lenye nafasi anaanza kuzaa akiwa na sentimita 20 hadi 30, kwenye bwawa lililojaa anaweza kuzaa akiwa na sentimita 10 au chini ya hapo.

Utawatofautishaje? Mshike samaki mkononi umtazame vizuri. Samaki mdogo aliyevuliwa mapema ana mgongo mpana, tumbo limejaa, kichwa kinalingana na mwili. Ukimpasua hukuti mayai, kwa sababu bado ni mtoto. Samaki aliyedumaa ana kichwa kikubwa na macho makubwa kwenye mwili mwembamba, na ukimpasua unakuta mayai yaliyokomaa ndani ya kisamaki ambacho ungekirudisha majini ukidhani ni kichanga. Wa kwanza anahitaji kuachwa akue. Wa pili anahitaji wenzake wapunguzwe. Mkimrudisha majini huyu wa pili kwa huruma, mnaongeza tatizo.

Mara nyingi sababu hizi mbili huishi ziwa moja, na hapo ndipo msongamano wa wavuvi unapofanya kazi yake mbaya zaidi. Watu hupenda kuwabeba samaki wakubwa wanaokula wenzao: sangara, besi, kambare mkubwa. Hao ndio waliokuwa wakiwapunguza perege wadogo. Wakiisha, perege wanafurika na kudumaa. Ziwa linabaki na samaki wengi kwa hesabu, ndoo inajaa, na hakuna samaki wa maana ndani yake. Kwa maelezo yako, ningeanza kushuku hali hii, ila usinichukulie neno langu kabla hujapima.

Kuhusu wale wakubwa waliotoweka, wengi hudhani hasara ni ya sifa tu, kwamba hakuna tena samaki wa kupiga naye picha. Hasara yenyewe iko kwenye uzazi. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha uzazi wa aina 342 za samaki wa baharini na kukuta kwamba mayai yanaongezeka kwa kasi kuliko uzito wa mama. Mfano wao ulikuwa chewa mmoja wa kilo 30, ambaye anataga mayai mengi kuliko chewa 28 wa kilo mbili mbili, ingawa hao 28 kwa pamoja wana kilo 56. Perege wanaobeba mayai kinywani hawatagi kwa mamilioni kama chewa, lakini kwao pia mama mkubwa anabeba mayai mengi zaidi. Kwa hiyo mkimwua mama mmoja mkubwa na mkajifariji kwamba wadogo wapo wengi, hesabu haifidii.

Na msidhani ni shida ya maziwa madogo tu. Kwenye Ziwa Victoria nyavu za kutega za kisasa ziliingia mwaka 1905. Ngege, perege aliyekuwa mhimili wa uvuvi wa wakati huo, alianza kupungua mapema kiasi kwamba mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alitumwa kulichunguza ziwa zima. Alipendekeza jicho la nyavu lisipungue inchi tano. Sheria ikaja mwaka 1933, lakini idadi ya nyavu haikuwekewa mpaka, na kadiri mavuno ya wavu mmoja yalivyoshuka, watu waliongeza nyavu na kupunguza macho. Ngege akaporomoka, na hii ni kabla sangara hajatawala ziwa lile. Sheria ya ukubwa wa jicho peke yake, au ya ukubwa wa ndoano peke yake, haiwezi kushinda wingi wa watu.

Hilo linanipeleka kwenye kosa la kawaida kuliko yote: kila mtu kuwekewa idadi ya samaki anaoruhusiwa kubeba. Tuseme mmekubaliana samaki watano kwa mtu. Wakija watu 40, wanaondoka na samaki 200 kwa siku. Msimu unaofuata mnajibana, mnashusha hadi watatu, na mnajisifu. Lakini habari za ziwa zimeenea, wanakuja watu 120, wanaondoka na samaki 360. Kila mmoja ametii, na ziwa limeumia karibu mara mbili. Tena siku za kawaida wavuvi wengi hawafikii hata hiyo idadi, kwa hiyo kuishusha hakubadilishi chochote kwao. Ziwa linahisi jumla ya vifo. Halina habari na nani alibeba wangapi.

Kwa hiyo ningependekeza mambo ya aina nyingine, na nitayataja kwa uzito ninaoupa kila moja.

Kwanza, lindeni mahali wanapozalia, moja kwa moja, mwaka mzima. Dume la perege hujichimbia kiota kwenye maji mafupi yenye mchanga au tope laini. Maji yakiwa maangavu utaviona vile visahani vya duara chini, vimepangana. Jike akishataga anayabeba mayai kinywani, na hata vifaranga wakishaanguliwa wanakimbilia humohumo. Ukimvua jike ukamwona anatema chembechembe za njano, hayo ndiyo mayai, na hata ukimrudisha haraka, kizazi hicho kimekwisha. Kwa besi ni dume anayelinda kiota. Akivutwa kwa ndoano, samaki wengine wanavamia mayai kabla hujamaliza kumtoa ndoano mdomoni. Kwenye maji ya joto perege wanazaa karibu mwaka wote, wakizidisha wakati wa mvua, kwa hiyo kufunga mahali kunawafaa zaidi kuliko kufunga miezi. Tengeni ghuba moja au ukingo mmoja wenye matete, pasiingie mguu, ndoano wala mtumbwi. Kule Ziwa Malombe, Malawi, perege wanaoitwa chambo waliporomoka miaka ya 1980 na 1990, na mojawapo ya sababu ni nyavu za kukokota zenye macho madogo zilizong'oa majani ya chini ya maji walimokuwa wakizalia. Miguu ya watu mia moja kila mwisho wa wiki kwenye maji mafupi inaweza kufanya kazi hiyohiyo polepole.

Pili, wekeni mpaka wa chini na wa juu kwa pamoja. Samaki mdogo anarudi, mama mkubwa anarudi, mnabeba wa katikati. Sangara wa Ziwa Victoria aliwahi kuwekewa mpaka wa namna hii, sentimita 50 hadi 85. Najua kumrudisha samaki mkubwa kunauma kuliko kumrudisha mdogo, na ndiyo maana sheria hii hushindwa kama wavuvi wenyewe hawakuipitisha. Kama kipimo chenu kitaonyesha perege wamedumaa, basi kwa perege ondoeni mpaka wa chini, bebeni wadogo kadiri mtakavyo, na nguvu yenu yote ya kurudisha iende kwa kambare na besi wakubwa.

Tatu, jumla ya ndoano. Hapa ndipo penye ugomvi, na sitajifanya kuna njia tamu. Mnaweza kuamua kila mtu awe na mshipi mmoja, siku fulani za wiki ziwa lipumzike, au sehemu za kusimama zihesabiwe na zikijaa basi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliandika kuhusu wavuvi wa Alanya, Uturuki, ambao miaka ya 1970 walikuwa wakigombana kila kukicha kwa ajili ya sehemu nzuri. Walichofanya ni kuandika majina ya wavuvi wote, kuzipa majina sehemu zote za kuvulia, na kuzitenga mbali kiasi kwamba wavu wa mmoja usizuie samaki kumfikia mwingine. Kila Septemba waliamua kwa bahati nasibu nani aanzie wapi, kisha kila siku kila mvuvi alisogea sehemu moja upande wa mashariki, na kuanzia Januari wakageuka kusogea magharibi. Kila mtu alipata zamu yake kwenye sehemu bora. Aliyeiba zamu alikutana na mwenye zamu yake asubuhi hiyohiyo, kwa hiyo hawakuhitaji askari wengi. Kwa ziwa lenu dogo jambo hili linawezekana kabisa, na lina faida moja isiyosemwa: mkishazihesabu sehemu, mmeshaweka mpaka wa watu bila kumfukuza yeyote kwa jina.

Kufunga ziwa lote sikupendi sana, isipokuwa hali ikiwa mbaya mno. Nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulipumzisha ziwa kila mwaka, na upande wa Tanzania lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kwa ziwa kubwa lenye dagaa wanaokua haraka, miezi mitatu ina maana. Kwa ziwa dogo linalovuliwa kwa ndoano, siku ya kufunguliwa wanajaa watu mara mbili ya kawaida, na mavuno ya miezi ya kupumzika yanaweza kubebwa ndani ya wiki chache. Mkifunga bila kubadili sheria mtakayofungulia nayo, mmeahirisha tu.

Na vifaranga? Naomba msichange fedha bado. Kama ziwa limejaa perege waliodumaa, mnaongeza vinywa kwenye sahani tupu. Kama wadogo wanabebwa kabla hawajakua, vifaranga wenu nao watabebwa, au wataliwa na kambare siku ileile ya kumwagwa. Kibaya zaidi, habari kwamba ziwa limepandikizwa inaleta watu wapya wengi kuliko samaki wapya. Halafu kuna madhara yasiyorudishika: sato anazaliana na perege wa asili na kuwapoteza kabisa, kapu anachimbua tope na kuchafua maji. Vifaranga vinafaa pale tu ambapo imethibitika samaki hawazai tena wa kutosha, chakula kipo, aina inayoletwa ndiyo iliyokuwepo, na ofisa uvuvi ameidhinisha kwa maandishi.

Jambo la kurudisha samaki linahitaji maelekezo machache ya vitendo, maana samaki anayeogelea na kuondoka si lazima awe amepona. Mapitio ya mwaka 2005 yaliyokusanya makadirio 274 ya vifo vya samaki walioachiwa yalipata wastani wa samaki 18 kati ya 100 waliokufa, ingawa nusu ya makadirio hayo yalikuwa chini ya 11. Kinachoua zaidi ni ndoano iliyomezwa. Ikiwa imezama kooni, msiivute. Kateni mshipi karibu na mdomo mumwachie, ana nafasi nzuri zaidi kuliko akichanwa koo. Bonyezeni vile vimiba vya ndoano kwa koleo vilale. Lowesheni mikono kabla ya kumshika ili msimwondoe ute, msimguse matamvua, msimlaze kwenye mchanga wa moto. Mchana wa jua kali maji ya juu yanakuwa na hewa kidogo, na samaki aliyepigana muda mrefu hapati pumzi; siku hizo bora kuvua mapema na kuondoka.

Msongamano wenyewe una madhara hata kama kila samaki angerudi salama. Matete yanakatwa ili mtu apate pa kusimama, ukingo unamomonyoka, tope linafunika viota. Mishipi iliyokatika inanasa ndege. Uingereza ilipiga marufuku vizito vingi vya madini ya risasi kwenye uvuvi wa ndoano mwaka 1987 kwa sababu mabata maji walikuwa wakivimeza na kufa kwa sumu, na baada ya hapo idadi yao ikapanda. Mawe madogo au chuma vinatosha kabisa kuzamisha ndoano.

Kuhusu kupima, hamhitaji maabara. Chukueni ubao, piga mistari ya sentimita, na kila samaki apimwe kuanzia pua hadi ncha ya mkia kabla hajaingia kwenye ndoo au kurudi majini. Andikeni tarehe, aina, urefu, watu wangapi walikuwepo na saa walizovua. Wale mnaowabeba, mkiwapasua, andikeni kama walikuwa na mayai. Mtafiti Rainer Froese alipendekeza mwaka 2004 maswali matatu rahisi ambayo nimeyaona yanaeleweka kwa mvuvi yeyote. Kati ya mnaowabeba, wangapi wamefikia urefu wa kuzaa? Wangapi wako kwenye ule ukubwa wa katikati unaoleta uzito mwingi? Na wangapi ni wazazi wakongwe? Pasipo na sheria ya kuwarudisha wakubwa, wazazi hao wakiwa asilimia 30 hadi 40 ya mavuno ziwa lina afya, na wakishuka chini ya asilimia 20 ni dalili mbaya. Kwa maelezo yako ninyi mko karibu na sifuri, lakini namba yenu wenyewe ina nguvu kuliko makisio yangu.

Pimeni kila mwisho wa wiki, kwenye sehemu nzuri na zile mnazozidharau pia, kwa sababu za mwisho ndizo zitakazosema ukweli kuhusu ile ndoo. Msianze na mkutano wa kutunga sheria. Anzeni na daftari, kisha mwiteni ofisa uvuvi akute daftari mezani. Akiuliza kwa nini mnataka ukingo wa matete ufungwe na si ziwa zima, mwonyesheni ni wapi mlikowakuta majike wanaotema mayai, na tarehe zake.